Kigoda cha Anayetajwa

Hadija na Bakari, katika wiki yangu ya mwisho pale stesheneri mliniuliza kile kigoda cha miguu mitatu kilichopo kushoto kwa printa ni cha nini, maana kinakula nafasi ya kuwekea rimu za karatasi. Nilikuwa na wateja watatu mbele yangu, nikawaambia nitawaeleza. Sasa nimepumzika. Macho yangu hayavumilii tena kompyuta zaidi ya nusu saa, na daktari amenishauri niandike kwa mkono, kwa herufi kubwa. Kwa hiyo mkiona kurasa ni nyingi, msidhani maneno ni mengi.

Habari za vyeo sina. Kwa miaka mingi duka lile lilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mwenye duka.

Nilizaliwa Kwaluguru, nikamaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Shangazi yangu alinipeleka Handeni mjini kwa Mzee Mhina, mwandishi wa barua aliyefanyia kazi kwenye kibaraza kilichotazamana na mahakama ya mwanzo. Alikuwa na mashine moja ya chapa, meza, viti viwili na hicho kigoda. Watu walikuja kwake kutoka vijijini kuandikiwa maombi kwa mkuu wa wilaya, malalamiko ya mipaka ya mashamba, na barua za kuomba mtoto asifukuzwe shule.

Siku ya kwanza alinipa barua ya ukurasa mmoja niichape na nakala yake. Niliweka karatasi ya kaboni upande wa wino ukitazama juu. Nilipoitoa, nakala ilikuwa tupu, na yale maneno yote yalikuwa yamejipiga nyuma ya barua yenyewe, kinyumenyume. Mzee Mhina aliigeuza, akaitazama kwa muda, akasema, "Hii mkuu wa wilaya ataisoma kwenye kioo." Akanipa karatasi nyingine na kaboni ileile. Mpaka leo siwezi kugusa kaboni bila kuipapasa kwanza nijue upande wenye wino, ingawa ninyi wawili sina hakika kama mmewahi kuiona.

Alinifundisha mambo mawili, na nitayaandika yote mawili, kwa kuwa moja liliniponza na jingine liliniokoa.

La kwanza ni mpangilio. Barua ya mtu mnyonge, alisema, ina salamu, ina shida, ina ombi. Salamu iwe fupi. Ombi liwe moja. Shida iwe ya kutosha. Mkubwa anayesoma barua ishirini kwa siku hashtuki kwa shida ya kawaida. Nilijifunza kuipima shida kama mpishi anavyopima chumvi, nikawa hodari.

La pili ni kigoda. Karatasi yoyote inayomtaja mtu haikutoka kibarazani kwake mpaka huyo mtu aitwe, aketi pale, asomewe yote. Mama akimlalamikia shemeji yake kwa kuvuka mpaka wa shamba, Mzee Mhina alituma watu wakamwite shemeji. Shemeji aliketi kwenye kigoda, magoti yakimfika kifuani, akasomewa jinsi alivyoshtakiwa. Mara nyingi ugomvi uliishia hapohapo na barua haikupelekwa popote. Nilimuuliza siku moja kama hatujipunguzii kazi. Akanijibu, "Binti yangu, kazi yetu ni kuandika. Kusengenya wanaweza wenyewe, hawahitaji mashine."

Kiingereza nilijifunza hapohapo kibarazani, wateja walipokuwa wachache. Nilikuwa na kamusi iliyong'oka jalada na kurasa za mwanzo, ikaanzia herufi C, hivyo kwa muda mrefu maneno ya A na B niliyatumia kwa tahadhari. Niligawa daftari safu tatu: neno, maana yake, na sentensi niliyoiona ikitumika mahali. Sikuruhusu neno liingie kwenye barua kabla halijapata safu ya tatu. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu mara ya pili.

Mzee Mhina alipofariki, wanawe walichukua mashine na meza. Kigoda hakuna aliyekitaka. Nilikuja nacho Korogwe juu ya basi, kimefungwa pamoja na godoro langu, nikapata kazi stesheneri. Watu wakaanza kuniita Mama Karani, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kuniajiri kama karani.

Kwa miaka ya mwanzo kazi ilikuwa ileile, isipokuwa kompyuta haihitaji kaboni. Kisha wakaanza kuja vijana waliomaliza kidato cha sita, wakiwa na simu mkononi na jina la chuo cha nje. Walisema chuo kinataka vyeti, na pia kinataka barua ya kujieleza: wewe ni nani, unataka kusoma nini, na kwa nini. Vyeti walikuwa navyo. Barua ndiyo iliyowashinda. Kijana aliyepata alama za juu katika fizikia alikaa mbele yangu, akapewa karatasi, akaandika jina lake, kijiji chake na namba ya simu, akainua kichwa: "Mama, baada ya hapo wanataka nini tena?"

Sikuwacheka. Kwetu mtu hajielezi mwenyewe akiwa amekaa palepale. Anaelezwa na mjomba, na mshenga, na mwalimu, naye ameinamisha macho. Kumwambia kijana wa Handeni ajisifu kurasa mbili ni kumwambia avunje adabu aliyofundishwa tangu hajaota meno.

Kwa hiyo niliwaandikia mimi. Nikatumia mpangilio niliokuwa nao: salamu, shida, ombi. Kijana mmoja wa Kang'ata alikuwa na mama mjane, nikamwandikia ukurasa mzima wa ujane wa mama yake, na chuo kikampokea na ufadhili juu. Nikaamini shida ndiyo iliyompeleka. Wengine waliokataliwa nilijiambia kwamba shida yao haikutosha. Ninyi mnaopenda kompyuta mtaona kosa la hesabu hiyo haraka kuliko mimi. Lilinichukua miaka.

Na kigoda? Barua hizi zilikuwa za Kiingereza, na wanaotajwa humo, yaani wazazi, walikuwa mbali mashambani. Nilijiambia hakuna haja. Nikaanza kuwekea rimu za karatasi juu yake. Hadija, ndiyo maana sikukukasirikia ulipotaka nafasi yake iwe ya rimu.

Ndipo akaja Naomi.

Alishuka kutoka Dindira, kule milimani, Jumatatu moja ya mvua, na viatu vyake vimo kwenye mfuko wa plastiki. Aliingia peku, akafuta miguu kwa kitambaa, akavaa viatu, kisha akaja mezani. "Shikamoo, mama." Alitaka kusoma habari za udongo na mmomonyoko katika chuo kimoja cha nje, na maombi yalifungwa Ijumaa. Alikuja na ukurasa aliouandika mwenyewe. Ulihusu vijiti. Yeye na baba yake, Mzee Shemhilu, walichomeka vijiti kwenye mteremko wa shamba lao, na baada ya kila mvua kubwa alipima kwa rula kijiti kimetokeza kiasi gani, ajue udongo umeshuka kiasi gani. Ndivyo ukurasa ulivyokuwa mwanzo hadi mwisho: kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Nilimrudishia. "Shida yako iko wapi?"

"Shida gani, mama?"

"Ya maisha. Hawa wanapokea barua nyingi. Baba yupo?"

"Yupo."

"Amesoma?"

"Hakusoma."

Nikaendelea kumuuliza, naye akajibu kila swali, hakuongeza kitu. Baba yake alikuwa amekata miti ya ukingo wa juu wa shamba ili kuchomea matofali ya nyumba. Masika iliyofuata mteremko uliporomoka, ukachukua maharage yote, safu kadhaa za chai na banda la mbuzi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Niliandika kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote kwamba baba wa Naomi ni mtu asiye na elimu ambaye kwa ujinga wake aliiharibu ardhi ya familia, kwamba watoto walilala na njaa, na kwamba Naomi anaomba kuokolewa kutoka katika giza hilo. Vijiti nilivitoa. Niliona vinachosha.

Alisoma polepole. Kisha akauliza, "Mama, ndivyo wanavyotaka?"

"Ndivyo."

Akakunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya Biblia yake. Nilimwambia arudi Jumatano na picha ndogo na nakala za vyeti ili tutume.

Jumatano alirudi na baba yake.

Mzee Shemhilu alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya sufu na koti lililobana mabegani. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwamkia. "Marahaba, mama," akasema. "Nimesikia binti yangu ameandikiwa karatasi nami nimo. Kuna jamaa zetu waliwahi kukaa Handeni. Wanasema wewe ulilelewa na mzee aliyekuwa anawasomea watu."

"Ni kweli, mzee."

"Basi nimekuja kusomewa."

Niliziondoa rimu nikaziweka chini, nikafuta vumbi kwenye kigoda. Aliketi. Naomi aliitoa karatasi kwenye Biblia yake, nami nikaishika na kuanza kuitafsiri papo hapo. Aya ya kwanza ilikuwa salamu, haikuwa na tatizo. Nilipofika aya ya pili macho yangu yaliona maneno niliyoyaandika, na mdomo wangu ukasema mengine. Nikasema, "Baba yangu ni mkulima wa Dindira aliyenilea kwa bidii." Nikaenda aya ya tatu. Nikamaliza. Sikumtazama Naomi.

"Ni hayo tu?" mzee akauliza.

"Ni hayo, mzee."

"Karatasi ndefu, maneno machache. Kizungu kinakula nafasi kama mbuzi wa jirani." Akacheka, nami nikacheka, na ninakiri kwamba nilicheka kwa kupona.

Naomi hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya printa, mikono nyuma. "Mama," akasema, "umeruka."

Nilimwambia kwamba nimefupisha.

"Aya ya pili umeiruka yote."

Baba yake alinitazama, akamtazama yeye. "Kama ameruka, soma wewe."

Naomi alichukua karatasi mkononi mwangu. Alitafsiri kwa sauti ya darasani, neno moja moja, hakulainisha. Asiye na elimu. Kwa ujinga wake. Akaharibu. Walilala na njaa. Giza. Mteja aliyekuwa anasubiri kutoa kopi aliamua kwenda kusubiri nje. Mzee Shemhilu alivua kofia yake akaiweka gotini, na kwa kuwa kigoda ni kifupi, alionekana kama mtu aliyeketishwa mbele ya wazee kujibu kesi.

"Sijui kusoma, kweli," akasema binti yake alipomaliza. "Miti nilikata, kweli. Njaa ni lini?" Akamgeukia Naomi. "Ulilala njaa lini?"

"Sijalala, baba."

"Mwaka ule wa maporomoko?"

"Tulikula magimbi."

"Magimbi ni njaa?"

"Hapana, baba."

"Sasa nani kasema njaa?"

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Wewe mama ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea habari za mtu wa mbali. Hakupandisha sauti hata mara moja, na mpaka leo natamani angepandisha. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na vijiti mbona hamna?"

Nilimwambia nimevitoa. Akauliza kwa nini.

"Vijiti ni vyangu," akasema. "Baada ya shamba kushuka, majirani walinicheka. Nikasema, nimekata mimi, nipime mimi. Nikachomeka mstari mzima, juu mpaka bondeni. Sijui kuandika, kwa hiyo nilikuwa natia alama kwa kisu pale udongo unapofika. Huyu alikuwa darasa la sita, akanifuata nyuma na rula yake ya shule. Yeye akaandika, mimi nikakata alama. Tumefanya hivyo mpaka amemaliza kidato cha sita. Pale nilipopanda majani ya kuzuia, kijiti hakitoki. Pale nilipoacha, kinatoka." Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwa binti yake. "Kama hao watu wanafundisha habari za udongo, watakachotaka kujua ni nini? Kwamba mimi mjinga?"

Naomi alisema, "Baba, tunaweza kutoa lile la miti."

"Usilitoe. Miti nilikata, waandikie. Lakini waandikie na vijiti."

Hapo, wenzangu, ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nikiwaandikia watu wa chuo kama vile ni mkuu wa wilaya. Nilikuwa nikiomba huruma mahali walipouliza swali. Na ili shida itoshe nilikuwa nikiwachukua watu wasiojua Kiingereza, nikiwavua nguo mbele ya wageni, bila kuwaita kwanza.

Alhamisi Naomi aliandika mwenyewe kwenye kompyuta ya dirishani, toka tulipofungua mpaka saa tisa. Kila alipokwama nilimuuliza, "Ulifanya nini baada ya hapo?" na akijibu, nilimwambia aandike alivyojibu. Mimi nilisahihisha tahajia tu. Mzee Shemhilu alishuka tena, akaketi kwenye kigoda na kusomewa. Alisahihisha jambo moja: mbuzi walioandikwa kwamba walichukuliwa na maporomoko hawakuwepo, banda lilikuwa tupu, walikuwa wamehamishwa wiki moja kabla. Tukalibadili. Ijumaa mtandao ulisumbua mpaka mchana, kisha barua ikaenda.

Ilikataliwa.

Sitaki mtu yeyote asome hapa akidhani ukweli ulimlipa haraka. Jibu lilikuja baada ya miezi, mistari minne, wakimtakia heri. Naomi alikuja akaketi, si kwenye kigoda, kwenye kiti cha wateja. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Mama, ile ya kwanza bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Sikuwahi kufuta kazi ya mtu. Niliifungua, tukaitazama wote wawili kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa imeandikwa vizuri, hilo niseme. Yule kijana wa Kang'ata alikuwa amepokelewa kwa barua ya namna hiyohiyo, na Naomi alilijua hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia. Vyuo vingine vilikuwa bado wazi. Angeniambia niitume, sijui ningefanya nini, na sitajifanya kujua.

"Futa," akasema.

Nikafuta mbele yake. Mwaka huo alifundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi kule juu, akaendelea na vijiti. Mwaka uliofuata alituma ile ya vijiti kwenye chuo kingine, ikiwa na vipimo vya masika nyingine mbili zilizoongezeka.

Barua ya kupokelewa ilifika asubuhi moja kwenye kompyuta yangu, kwa kuwa aliandikisha anwani ya duka. Sikumwambia chochote kwenye simu, nilimwambia tu aje na mzee. Walifika mchana. Mzee Shemhilu alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda, akavua kofia. Nilikuwa nimeichapa, kurasa tatu.

Nilisoma kwamba amepokelewa. Naomi alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nilisoma jina la kozi, nikasoma kwamba wanagharimia masomo na malazi. Ukurasa wa pili ulikuwa na masharti. Kulikuwa na mtihani wa lugha kwanza, kulikuwa na vipimo vya afya, na kulikuwa na aya fupi isemayo kwamba masomo ni ya miaka minne, na ufadhili hauhusishi safari ya kurudi nyumbani kabla ya kuhitimu. Niliiona aya hiyo kabla sijaifikia. Nilimwona pia yule baba jinsi alivyokuwa, mikono juu ya magoti, uso umefunguka kama sijawahi kuuona. Nikanyamaza kupita kiasi.

Akainua kidole. "Usiruke."

Nikaisoma. Miaka minne, safari ya kurudi haimo.

"Miaka minne?" akauliza.

"Miaka minne, mzee."

"Bila kurudi katikati?"

"Ndivyo walivyoandika."

Nje gari la mchanga lilipita, kioo cha mlango kikatetemeka. Naomi alikuwa ameshusha viganja, anamtazama baba yake. Yeye alikuwa anatazama karatasi mkononi mwangu, ambayo hakuweza kuisoma.

"Rudia hapo," akasema.

Nilirudia, aya nzima, kwa Kiingereza kwanza kama ilivyo, kisha kwa Kiswahili. Aliisikiliza yote. Kisha akasimama kutoka kwenye kigoda, akavaa kofia yake na kuiweka sawa kwa mikono miwili.

"Sasa nimesikia," akasema, na akamwambia binti yake wawahi gari la mlimani.